Mbwa Anakula Lakini Anakonda: Je, Ni Ngano?

Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Maruku. Mama wa nyumba hiyo anakaanga maandazi kila alfajiri na kuyauza njiani. Yakibaki jioni hayatupwi. Anapewa mbwa.

Mbwa mwenyewe ni wa kazi. Mchana anafukuza tumbili wasile ndizi. Usiku analinda mbuzi, kahawa iliyoanikwa na mikungu iliyoko kibanjani. Mwizi akipita njia ya mbali, mbwa anabweka, na watu wanaamka.

Sasa mbwa huyo ameanza kukonda. Leo anaharisha, kesho anapata nafuu, keshokutwa anaharisha tena. Tumbo linanguruma mpaka unalisikia ukiwa umesimama. Anakula sana, lakini mbavu zake unaweza kuzihesabu. Manyoya yamepoteza mng'ao. Anajikuna na kulamba miguu.

Majirani hawakosi maneno. Mmoja anasema, "Huyo amelishwa sumu." Mwingine anasema, "Amerogwa huyo, wanataka kuwaibia." Wa tatu anasema, "Ya nini kuhangaika? Mwueni, mtafute mwingine." Baba naye ameanza kukubali.

Ngoja kidogo, bwana! Kabla ya kumwua mlinzi wa nyumba, tuulize swali moja rahisi: mbwa huyu anakula nini kila siku?

Gluteni ni kitu gani?

Katika unga wa ngano mna kitu kinachoitwa gluteni. Gluteni ndiyo inayofanya unga wa ngano uvutike unapoukanda. Unga wa mahindi hauvutiki hivyo, kwa sababu hauna gluteni ya namna hiyo.

Ukitaka kuiona kwa macho yako, fanya hivi. Kanda donge dogo la unga wa ngano kwa maji. Liache kidogo, kisha lioshe polepole ndani ya bakuli la maji huku ukiliminya. Maji yatakuwa meupe. Huo mweupe ni wanga unaotoka. Ukiendelea kuosha, mkononi kitabaki kitu chenye kunata na kuvutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni.

Gluteni imo katika ngano, shayiri na nafaka moja ya nchi za baridi iitwayo rai. Kwa hiyo imo pia katika maandazi, chapati, mkate, keki, biskuti, tambi na pumba za ngano. Vyakula vingine vya mbwa vinavyouzwa madukani navyo vina ngano.

Haimo katika ndizi, viazi, mihogo, mchele, mahindi, mtama wala ulezi. Kumbe chakula chetu kikubwa hapa Kagera hakina gluteni hata kidogo!

Mbwa wengi wanakula ngano bila kupata tabu yoyote. Mbwa si kama mbwa mwitu. Ameishi na binadamu miaka maelfu, na mwili wake umezoea chakula cha binadamu. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa mbwa ana uwezo mkubwa kuliko mbwa mwitu wa kusaga wanga tumboni. Ndiyo maana mbwa wetu anakula ugali na ndizi na bado ana nguvu za kufukuza tumbili.

Lakini wapo mbwa wachache ambao miili yao inaikataa gluteni. Ndani ya utumbo mwembamba kuna vijidole vidogo sana, vimesimama kama nyuzi za taulo. Kazi ya vijidole hivyo ni kunyonya chakula na kukiingiza mwilini. Kwa mbwa anayekataa gluteni, vijidole hivyo vinaumia na kuwa vifupi. Chakula kinapita tu bila kunyonywa. Mbwa anakula, lakini mwili unashinda na njaa.

Wataalamu walijuaje?

Habari hii ilianza kwa binadamu. Huko Uholanzi alikuwako daktari wa watoto aliyeitwa Willem-Karel Dicke. Alikuwa na wagonjwa watoto waliokuwa wakiharisha na kudumaa. Alishuku kwamba mkate ndio unaowadhuru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, Uholanzi ilipata njaa kali na mkate ukaadimika. Watoto wengine walikuwa wakidhoofika, lakini watoto wale wagonjwa hali yao haikuwa mbaya kama ilivyotegemewa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Dicke na wenzake waliendelea kuchunguza mpaka wakathibitisha kuwa ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza.

Baadaye wataalamu wa mifugo waliona jambo linalofanana na hilo kwa mbwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Uingereza walichunguza ukoo mmoja wa mbwa wekundu wa kuwindia ndege waitwao Irish Setter. Baadhi yao walikuwa wakiharisha na kukonda wakiwa bado wachanga. Walipoondolewa ngano, walipona. Ugonjwa huo ulikuwa wa kurithi kutoka kwa wazazi.

Mwaka 2015 watafiti wengine wa huko huko Uingereza walieleza habari ya mbwa wadogo waitwao Border Terrier. Hao walikuwa wakikakamaa na kutetemeka kama wenye kifafa, lakini bila kupoteza fahamu. Walipolishwa chakula kisicho na gluteni, hali yao ikawa nzuri zaidi.

Mbwa wetu wa kienyeji si wa koo hizo. Kwa hiyo usikimbilie kusema, "Mbwa wangu ana ugonjwa wa gluteni." Mbwa yeyote, hata wa kienyeji, anaweza kukataliwa na chakula fulani. Lakini chakula hicho si lazima kiwe ngano. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya habari za mbwa 297 wenye ngozi iliyodhuriwa na chakula. Katika kila mbwa 100, kama 34 walidhuriwa na nyama ya ng'ombe, 17 na maziwa, 15 na nyama ya kuku, na 13 na ngano. Kwa hiyo ngano imo katika orodha, lakini siyo ya kwanza.

Kwanza ondoa magonjwa ya kawaida

Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, tulijifunza jambo. Mgomba ukiwa na majani ya njano, usiseme tu ni mnyauko. Huenda ni ukame, au ni udongo uliochoka. Chunguza kwanza. Na kwa mbwa ni hivyo hivyo. Mbwa wa kijijini anayekonda, mara nyingi ana moja ya matatizo haya:

1. Minyoo. Hii ndiyo ya kwanza kabisa kushukiwa. Mbwa mwenye minyoo anaharisha, anakonda, na mtoto wa mbwa anavimba tumbo. Mpe dawa ya minyoo ya mbwa kwa kipimo cha bwana mifugo. Mbwa mkubwa apewe kila baada ya miezi 3. Minyoo ya mbwa inaweza kuwaingia watoto wetu pia, kwa hiyo zoa kinyesi chake na kukifukia, na watoto wanawe mikono kwa sabuni.

2. Viroboto, kupe na upele. Mbwa anayejikuna, mchambue manyoya. Ukikuta viroboto, anza na hao. Usimpake oili chafu ya gari. Oili inaunguza ngozi, naye akijilamba inaingia tumboni.

3. Chakula kidogo au kibovu. Mbwa anayepewa maganda na ukoko tu atakonda, hata kama hana ugonjwa. Mahindi yenye ukungu ni hatari sana. Ukungu huo unaweza kuwa na sumu inayoharibu ini. Mbwa ni mwepesi kufa kwa sumu hiyo. Usiseme, "Hayafai kwa watu, basi tumpe mbwa."

4. Magonjwa ya kuambukiza. Mbwa mdogo anayetapika na kuharisha damu asingojwe mpaka kesho. Apelekwe kwa bwana mifugo siku hiyo hiyo.

Na hapa tukazie jambo moja. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma ovyo, anayetokwa na mate mengi, anayeyumba au kushindwa kumeza, usimguse wala usimfungue kinywa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwite bwana mifugo. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali apate chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kinaua. Kwa sababu hiyo kila mbwa achanjwe kila mwaka.

Ukiisha kuondoa hayo yote, na mbwa bado anaharisha na kukonda, sasa ndiyo geukia chakula.

Namna ya kumjaribu mbwa

Jaribio hili halihitaji mashine. Linahitaji uvumilivu, daftari na kalamu. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, hapa ndipo elimu yako inapofanya kazi.

Hatua ya kwanza: andika chakula chote. Kwa muda wa wiki moja usibadilishe kitu. Andika kila anachokula, asubuhi na jioni. Andika pia choo chake kilikuwaje, na kama alijikuna. Waulize watoto wanampa nini. Waulize na majirani, maana mbwa hana mlango mmoja.

Hatua ya pili: ondoa ngano yote. Maandazi, chapati, mkate, biskuti na pumba za ngano, vyote viondoke. Angalia na unga wa uji wa mchanganyiko, kwa sababu wengine wanautia ngano. Usisahau kwamba kipande kimoja cha andazi kutoka kwa mtoto kinaharibu jaribio zima. Kama mbwa anazurura, afungwe kwa kamba ndefu penye kivuli na maji, au awekwe ndani ya uzio.

Hatua ya tatu: mpe chakula kilekile kila siku. Chagua chakula kimoja cha wanga na kimoja cha kujenga mwili. Kwa mfano, ndizi za kupika na dagaa. Au ugali wa mahindi na mayai. Au viazi vitamu na samaki. Pika bila chumvi nyingi, bila pilipili na bila kitunguu.

Hatua ya nne: ngoja. Kama tatizo ni la tumbo, nafuu huonekana mara nyingi ndani ya wiki 2. Kama ni la ngozi, ngoja mpaka wiki 8, maana ngozi inapona polepole. Usikate tamaa siku ya tatu.

Hatua ya tano: rudisha ngano kidogo. Watu wengi wanaruka hatua hii, lakini ndiyo inayotoa hukumu. Mbwa akipona, huenda amepona kwa sababu nyingine, kama dawa ya minyoo. Kwa hiyo mpe ngano tena kidogo kila siku, umwangalie kwa wiki 2. Kuharisha au kujikuna kukirudi, acha mara moja. Sasa umepata ushahidi.

Lakini angalia! Usimjaribu kwa andazi. Andazi lina ngano, na pia lina mafuta, sukari, na pengine maziwa. Akiharisha utajuaje mkosaji ni nani? Mjaribu kwa ugali mdogo wa unga wa ngano uliopikwa kwa maji matupu. Asipoharisha, basi ngano haina kosa. Shuku mafuta au maziwa. Kama alikuwa na kile kifafa cha kukakamaa, hatua hii usiifanye bila bwana mifugo.

Daftari linaweza kuandikwa hivi:

Jumatatu: Ndizi na dagaa. Choo chepesi. Alijikuna sana.
Jumanne: Ndizi na dagaa. Choo chepesi. Alijikuna.
Jumatano: Ndizi na dagaa. Mtoto alimpa kipande cha chapati. Usiku aliharisha.
Alhamisi: Ndizi na dagaa. Choo kimeanza kuwa kigumu.

Maneno machache tu, lakini bwana mifugo akiyasoma ataelewa mengi kuliko ukimwambia, "Huyu anaumwaumwa tu."

Akithibitika, alishwe nini?

Mbwa anayekataa ngano hapewi dawa ya kumponya. Dawa yake ni kutokula ngano maisha yake yote. Na hapa kwetu si kazi ngumu. Ndizi zipo kibanjani. Dagaa wanatoka Ziwa Victoria. Viazi, mihogo na mahindi vipo.

Zingatia mambo haya:

Ndizi peke yake hazitoshi. Mbwa anahitaji chakula cha kujenga mwili kila siku: dagaa, samaki, mayai au nyama. Dagaa waoshwe mchanga na chumvi.

Mihogo michungu ina sumu. Imenywe, ilowekwe, ianikwe na kupikwa vizuri, kama mnavyofanya kwa chakula cha watu.

Matumbo na mapafu ya mifugo iliyochinjwa yapikwe mpaka yaive. Yakiliwa mabichi yanaweza kumpa mbwa tegu, na tegu wengine wanawadhuru watu.

Mifupa mikubwa ya samaki iliyopikwa iondolewe, isije ikamkwama kooni.

Kitunguu ni sumu kwa damu ya mbwa. Kahawa nayo ni hatari kwa moyo wake, iwe mbichi au ya kutafuna. Wakati wa kuanika kahawa, mbwa asizoee kuila.

Je, lubisi? Mtama unaotiwa kwenye lubisi hauna gluteni. Lakini ndani mna pombe, na pombe ni sumu kwa mbwa. Machicha yamwagwe mbali naye. Yapo mengine yasiyo na gluteni ambayo bado yanaua.

Pia usimpe mbwa dawa za watu za kutuliza maumivu. Vidonge hivyo vinaweza kumwua.

Turudi kwa mbwa wetu

Tuseme yule mama na mzee wake wamekubali kungoja. Kwanza wanampa mbwa dawa ya minyoo. Anapata nafuu, lakini kuharisha hakuishi. Wiki inayofuata mama anaacha kumpa maandazi. Binti wa nyumba anashika daftari. Siku ya tisa choo kimekuwa kigumu. Mwezi unapokwisha, mbavu zimeanza kufichika. Wanamjaribu kwa ugali wa ngano, na siku ya tatu anaharisha. Basi, mkosaji amekamatwa! Si jirani, si mchawi, bali ni andazi lililotolewa kwa moyo mwema.

Ingeweza kuwa vingine. Pengine angepona kwa dawa ya minyoo tu. Pengine ngano isingekuwa na kosa, na bwana mifugo angetafuta ugonjwa mwingine. Vyovyote vile, familia ingejua kitu ambacho haikukijua. Tena isingemshuku jirani bure, wala kuua mlinzi wake kwa sababu ya maneno ya njiani.

Na kama ni mtu ndani ya nyumba yako anayeharisha kwa muda mrefu na kukonda, usimfanyie majaribio haya nyumbani. Apelekwe zahanati apimwe.

Maneno magumu

Gluteni: kitu kilichomo ndani ya ngano kinachofanya unga uvutike.
Utumbo mwembamba: sehemu ya tumbo inayonyonya chakula na kukiingiza mwilini.
Wanga: chakula cha kutia nguvu, kama ndizi, ugali na viazi.
Kurithi: kupata kitu kutoka kwa wazazi.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja vyakula vitatu vyenye gluteni na vitatu visivyo na gluteni.
2. Kwa nini ni lazima kumpa mbwa dawa ya minyoo kabla ya kumjaribu kwa chakula?
3. Kwa nini tunarudisha ngano kidogo baada ya mbwa kupona?
4. Katika kijiji chenu, mbwa akiugua watu husema nini kwanza? Je, wanachunguza?
5. Andika katika daftari lako kila alichokula mbwa wako leo.